Chakula cha kilimo hai: namna ya kujua unachokinunua, na kama unakihitaji

Mtu akikuuliza kwa nini umelipa zaidi kwa nyanya zenye kibandiko cha kilimo hai, huenda ukajibu kwamba ni salama zaidi, au zina virutubisho vingi zaidi, au hazina dawa. Majibu hayo hayana uzito sawa. La kwanza linategemea unachokiogopa ni nini. La pili lina ushahidi mwembamba. La tatu, kwa namna linavyosemwa, si kweli. Sababu nzuri za kununua chakula hiki zipo, tena nzito, ila mara nyingi si zile zinazotufanya tutoe fedha mfukoni.

Hatua zifuatazo nimezipanga kama ambavyo ningemshauri ndugu yangu azifuate: aelewe kwanza nembo inaahidi nini, aisome vizuri, ajiulize yeye mwenyewe anatafuta nini, ndipo aamue.

Hatua ya 1: Elewa nembo inathibitisha kitu gani

Kilimo hai ni namna ya kuzalisha. Mkaguzi anayetoa cheti huanzia shambani na kwenye madaftari ya mkulima: mbegu zilitoka wapi, udongo ulirutubishwa kwa kitu gani, jirani ananyunyizia dawa zipi, mavuno yalihifadhiwa ghala gani na pamoja na nini. Maabara huja baadaye, na si kwa kila shamba. Nchini Marekani, kwa mfano, taasisi inayotoa vyeti inatakiwa kupima mabaki ya dawa kwa angalau asilimia 5 ya wazalishaji wake kila mwaka. Kwa hiyo ichukulie nembo kama leseni ya udereva: inathibitisha kwamba mwenye nayo amefuata kanuni na amekaguliwa, lakini haikuhakikishii safari ya leo.

Kanuni zenyewe zinafanana sana duniani, kwa sababu zimekua kutoka shina moja. Mwaka 1972 vyama vya wakulima wa kilimo hai vilikutana Versailles, Ufaransa, na kuunda shirikisho la kimataifa linalojulikana kama IFOAM. Mwaka 1999 tume ya Codex Alimentarius, inayoandaa viwango vya chakula chini ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ilitoa mwongozo wake wa kilimo hai, na nchi nyingi zikautumia kuandika sheria zao. Popote ulipo, utakuta makatazo yaleyale: mbolea za viwandani, viuatilifu karibu vyote vinavyotengenezwa viwandani, mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kuhifadhi chakula kwa mionzi. Badala yake mkulima anategemea mboji, samadi, kubadilisha mazao msimu kwa msimu, na mimea ya jamii ya mikunde inayorudisha naitrojeni ardhini.

Shamba halibadiliki kwa kauli. Sheria ya Marekani inataka ipite miaka 3 tangu kitu kilichokatazwa kiwekwe shambani kwa mara ya mwisho kabla mavuno hayajauzwa kwa jina la kilimo hai. Umoja wa Ulaya unataka miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya kuvuna mazao ya kudumu kama matunda ya miti. Katika kipindi hicho mkulima anabeba gharama zote za kilimo hai bila kupata bei yake. Hilo peke yake linaeleza sehemu ya tofauti ya bei unayoiona.

Sasa lile jambo linalowashangaza wengi. Wakulima wa kilimo hai hunyunyizia dawa. Wanazo chache, na kwa kawaida ni zile zinazotokana na mimea, madini au vijidudu: dawa ya maua ya pareto, salfa, shaba, spinosadi inayotokana na bakteria wa udongo, na bakteria wanaoitwa Bt ambao huua viwavi. Kuwa ya asili hakuifanyi dawa kuwa pole. Shaba inayotumiwa kuzuia ukungu haiozi wala haiyeyuki ikaisha. Inabaki kwenye udongo na kujikusanya mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Anayekwambia kwamba mazao yake ya kilimo hai "hayajawahi kuona dawa" huenda anasema kweli kuhusu shamba lake, lakini nembo yenyewe haisemi hivyo.

Kwa mifugo, kanuni zinahusu chakula cha mnyama, nafasi ya kutoka nje, na dawa. Marekani inataka ng'ombe, mbuzi na kondoo wachungwe malishoni siku zisizopungua 120 kwa mwaka, na wapate huko angalau asilimia 30 ya chakula chao kikavu katika msimu wa malisho. Kwenye antibayotiki ndipo nchi zinapoachana njia. Marekani, mnyama akishapewa antibayotiki hauzwi tena kama wa kilimo hai, hata kama alikuwa anakufa. Mfugaji haruhusiwi kumnyima tiba, lakini anampoteza kwenye soko hilo. Ulaya, mnyama mgonjwa anaweza kutibiwa na akabaki, mradi muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa au nyama yake uwe mara mbili ya ule wa kawaida. Mimi naona kanuni ya Ulaya ina huruma zaidi kwa mnyama, lakini naelewa anayetaka ile ya Marekani kwa sababu ni rahisi kuieleza.

Tofauti nyingine ni mboga zinazokuzwa kwenye maji yenye virutubisho bila udongo. Marekani huzipa nembo, Ulaya huzikatalia kwa hoja kwamba kilimo hai bila udongo hakina maana. Ukinunua bidhaa iliyotoka mbali, kumbuka kwamba inafuata makubaliano ya wenye nembo ile, ambayo huenda si yale uliyo nayo kichwani.

Hatua ya 2: Soma lebo kama mkaguzi

Geuza pakiti. Upande wa mbele umeandikwa na watu wa mauzo, upande wa nyuma unaongozwa na sheria.

Jambo la kwanza ni asilimia. Katika mfumo wa Marekani, bidhaa yenye nembo lazima viambato vyake visivyopungua asilimia 95 viwe vya kilimo hai, bila kuhesabu maji na chumvi. Zikifika asilimia 70, mtengenezaji anaruhusiwa kuandika tu kwamba bidhaa "imetengenezwa kwa" viambato fulani vya kilimo hai, na haruhusiwi kuweka nembo. Chini ya hapo anaweza kutaja kiambato kimoja kimoja kwenye orodha ya nyuma, basi. Ulaya nayo inatumia asilimia 95 ya viambato vinavyotokana na kilimo ili kuweka nembo yake ya jani la kijani, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele linaweza kumaanisha karibu chakula chote, au kiambato kimoja tu.

Jambo la pili ni nani aliyekagua. Nembo ya kweli haitembei peke yake. Chini ya jani la Ulaya utakuta herufi za nchi, kifupisho kama BIO, na namba ya taasisi iliyokagua, pamoja na maelezo kama mazao yalilimwa ndani au nje ya Umoja wa Ulaya. Kwenye bidhaa za Marekani jina la taasisi iliyotoa cheti huandikwa karibu na jina la mtengenezaji. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu mwaka 2007, chenye alama ya Kilimohai. Ukiona nembo isiyo na jina la mkaguzi wala namba, shuku. Marekani na Umoja wa Ulaya zina kanzidata za wazi kwenye intaneti ambako unaweza kuandika jina la kampuni ukaona kama cheti chake bado kipo hai. Ni kazi ya dakika chache, na inafaa hasa kwa bidhaa ghali unazozinunua mara kwa mara.

Matunda yasiyofungashwa huwa na kibandiko kidogo chenye namba. Namba ya tarakimu 4 ni ya zao la kawaida. Ikiwa na tarakimu 5 na kuanza na 9, zao limeuzwa kama la kilimo hai. Kibandiko hicho ni hiari, na kiliwekwa kwa ajili ya mtu wa kaunta, kwa hiyo kitumie kama dalili tu.

Kisha kuna maneno matamu: "asilia," "kutoka shambani," "safi," "haina kemikali." Haya si kilimo hai. "Asilia" mara nyingi huzungumzia rangi na vionjo vilivyoongezwa kiwandani na halina la kusema kuhusu shamba. "Haina kemikali" ni kauli tupu, kwani hata maji ni kemikali. "Kuku wa nje" au "mayai ya kuku huru" huzungumzia nafasi aliyopewa kuku. Chakula alichokula kinaweza kuwa cha kawaida kabisa.

Vipo vitu ambavyo nembo inavifikia kwa shida au haivifikii kabisa. Samaki wa kuvuliwa baharini hauzwi kama wa kilimo hai Ulaya, kwa kuwa hakuna anayejua alikula nini. Asali ni kichekesho cha aina yake: nyuki hasomi mipaka, ndiyo maana kanuni za Ulaya zinataka maua yaliyo ndani ya kilomita 3 kutoka kwenye mizinga yawe hasa ya mashamba ya kilimo hai, ya porini, au ya mashamba yasiyotumia dawa nzito.

Na udanganyifu upo. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimhukumu mkulima wa Missouri kifungo cha zaidi ya miaka 10 kwa kuuza nafaka za kawaida kwa miaka mingi kama za kilimo hai, biashara iliyozidi dola milioni 100. Nafaka hizo zililishwa mifugo, na nyama ikauzwa ikiwa na nembo. Mwaka 2024 nchi hiyo ilianza kutekeleza kanuni kali zaidi zinazowabana hata madalali na waagizaji wa katikati. Kisa hiki hakinifanyi nidharau nembo. Kinanifundisha kwamba kadiri bidhaa inavyopita mikono mingi, ndivyo karatasi zake zinavyokuwa na kazi kubwa zaidi kuliko shamba lake.

Hatua ya 3: Jiulize unalipia nini

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo tusipite haraka. Andika sababu yako kwa sentensi moja, kisha uilinganishe na kinachojulikana.

Sababu yako ikiwa ni kupunguza mabaki ya viuatilifu mwilini, uko kwenye njia iliyonyooka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya tafiti zaidi ya 200 na kukuta mabaki ya dawa kwenye takriban asilimia 7 ya mazao ya kilimo hai, dhidi ya asilimia 38 ya mazao ya kawaida. Uchambuzi mwingine mkubwa, uliotoka mwaka 2014 na kupitia machapisho 343, ulionyesha mwelekeo huohuo, na pia kadimiamu, metali yenye sumu, kidogo zaidi kwenye mazao ya kilimo hai. Mwili nao unaonyesha: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 huko Marekani, watoto 23 walibadilishiwa sehemu kubwa ya chakula chao kwa siku 5 na kupewa cha kilimo hai, na alama za dawa mbili za kuua wadudu za kundi la oganofosfeti, ambazo hutengenezwa viwandani, zikatoweka karibu mara moja kwenye mkojo wao, kisha zikarudi waliporejea chakula cha awali.

Lakini swali linalofuata ni kama kiasi kile kilikuwa kinawadhuru. Hapa lazima uelewe namna kikomo cha mabaki kinavyowekwa. Wataalamu hutafuta kiwango ambacho hakionyeshi madhara kwa wanyama wa maabara, kisha kwa kawaida hukigawa kwa 100 ili kupata kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote. Takriban sampuli 96 katika kila 100 zinazopimwa Ulaya huwa ndani ya vikomo vya kisheria. Wanaotetea mfumo huu wanasema pengo ni kubwa vya kutosha. Wanaoukosoa wanasema vikomo huwekwa dawa moja moja, ilhali mlaji humeza mchanganyiko, na kwamba mtoto aliye tumboni si mtu mzima mdogo. Pande zote mbili zina hoja. Nikilazimishwa kuchagua, nasema hivi: kwa mtu mzima mwenye afya faida ni ndogo, kwa mjamzito na mtoto mdogo, tahadhari ina mantiki kama fedha ipo.

Sababu yako ikiwa ni virutubisho, punguza matarajio. Ule utafiti wa Stanford haukukuta tofauti ya maana kwenye vitamini. Ule wa 2014 ulikuta vioksidishaji-kinza (viini vya mmea vinavyodhaniwa kulinda seli za mwili) vingi zaidi kwenye mazao ya kilimo hai, na mwingine wa 2016 ulikuta omega-3, aina ya mafuta ambayo mwili huyahitaji, takriban asilimia 50 zaidi kwenye maziwa na nyama. Inavutia, lakini maziwa hayakuwa chanzo kikubwa cha omega-3 tangu mwanzo, na tofauti hiyo inatokana zaidi na ng'ombe kula majani mabichi kuliko nembo. Aina ya mbegu, ukomavu siku ya kuvuna na siku ambazo mboga imekaa njiani vinaweza kubadilisha virutubisho kuliko mfumo wa kilimo. Mchicha uliochumwa asubuhi kwenye shamba la kawaida unaweza kuushinda ule wa nembo uliokaa kwenye jokofu wiki nzima.

Saratani ndiyo hofu kubwa isiyosemwa kwa sauti. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya watu wazima karibu 69,000: waliokula zaidi chakula cha kilimo hai walikuwa na saratani pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliokula kidogo. Kabla yake, mwaka 2014, utafiti wa Uingereza uliofuatilia wanawake zaidi ya 600,000 haukukuta upungufu wa saratani kwa jumla. Tafiti zote mbili ni za kutazama watu wanavyoishi. Wanaonunua kilimo hai huwa na kipato kikubwa zaidi, huvuta sigara kidogo na hufanya mazoezi zaidi. Watafiti hujaribu kuondoa athari hizo kwa hesabu, lakini hesabu haiwezi kuondoa kila kitu. Usinunue kwa ahadi ya kuepuka saratani.

Kuhusu vijidudu vya tumbo, nembo haikulindi. Mlipuko wa bakteria wa E. coli uliotokea Ujerumani mwaka 2011 na kuua zaidi ya watu 50 ulifuatiliwa hadi kwenye shamba la kilimo hai lililozalisha chipukizi za mbegu. Kosa halikuwa kilimo hai; chipukizi hukuzwa kwenye joto na unyevu ambao bakteria huupenda, awe mkulima wa aina gani. Upande mmoja tu wa vijidudu ndio kilimo hai kinaonekana kushinda: nyama ya kuku na ya nguruwe ya kilimo hai hukutwa mara chache zaidi na bakteria sugu dhidi ya antibayotiki kadhaa kwa pamoja. Bado lazima uipike iive.

Halafu kuna sababu ambazo haziko kwenye sahani yako. Kwangu mimi hizi ndizo zenye nguvu. Mlaji hupata mabaki. Mfanyakazi anayebeba bomba mgongoni hupata dawa yenyewe, kwenye ngozi, machoni na kifuani, msimu baada ya msimu. Shamba ambalo dawa kali zimekatazwa ni salama zaidi kwake na kwa watoto wanaoishi pembeni. Viumbe nao hunufaika: uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti za miaka 30 ulikuta mashamba ya kilimo hai yana aina nyingi zaidi za mimea, wadudu na ndege, kwa wastani wa takriban asilimia 30.

Upande wa pili wa mizani ni mavuno. Uchambuzi wa mwaka 2012 ulikuta kilimo hai kinatoa pungufu kwa asilimia 5 hadi 34 kutegemea zao na mazingira. Mwingine uliofuata ulipata wastani wa karibu asilimia 19. Mavuno madogo yanadai ardhi kubwa zaidi kwa chakula kilekile, na ardhi hiyo inaweza kuwa msitu. Ndiyo maana hesabu za hewa ukaa kwa kilo moja ya chakula hazitoi mshindi wa moja kwa moja, ingawa kwa hekta moja kilimo hai huonekana vizuri zaidi. Mtu anayekwambia kilimo hai kitaokoa dunia, na mwingine anayesema ni ulaghai wa matajiri, wote wawili wamechagua safu moja ya hesabu wakaifunika nyingine.

Ladha sitaibishia. Kama unaisikia, lipia.

Hatua ya 4: Panga vitu kwa umuhimu

Hulazimiki kuchagua yote au kuacha yote. Watu wengi wanaodumu na kilimo hai hununua vitu vichache tu, vilevile, kila mara.

Ikiwa lengo lako ni mabaki ya dawa, anza na unachokula kwa wingi na pamoja na ganda lake. Stroberi, zabibu, tufaha, pichi, spinachi na mboga nyingine za majani hukutwa na mabaki mara nyingi. Parachichi, nanasi, vitunguu maji, mahindi mabichi, papai na tikiti hukutwa nayo mara chache, kwa sababu ganda au maganda yao huondolewa. Shirika moja la Marekani, EWG, hutoa kila mwaka orodha ya mazao 12 yenye mabaki mengi zaidi. Orodha hiyo inafaa kupanga vipaumbele, lakini isikutishe: wataalamu wa sumu wanaikosoa kwa kupanga mazao bila kulinganisha kiasi kinachoingia mwilini na kile kinachoweza kudhuru.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha matunda na mboga kwa sababu umekosa za kilimo hai. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliandika mwaka 2012 kwamba cha muhimu ni mtoto ale matunda na mboga za aina mbalimbali, ziwe za kilimo hai au za kawaida. Faida ya kula mboga imethibitishwa mara nyingi zaidi kuliko hatari ya mabaki yaliyo ndani ya kikomo.

Ikiwa lengo lako ni wanyama au antibayotiki, fedha yako iende kwenye maziwa, mayai na nyama, na uache matunda yalivyo. Ikiwa ni wafanyakazi wa mashambani, tafuta mazao yanayojulikana kunyunyiziwa sana. Pamba ni mojawapo, ingawa hailiwi.

Vyakula vya viwandani viweke mwisho wa orodha. Biskuti za kilimo hai ni biskuti. Sukari ya miwa iliyolimwa bila mbolea ya kiwandani inaoza meno kama nyingine, na chipsi za viazi vya kilimo hai zina mafuta na chumvi zilezile. Tafiti za masoko zimeonyesha kwamba watu wakiona nembo hudhani chakula kina kalori chache. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri.

Hatua ya 5: Mkulima asiye na cheti

Cheti kina gharama, na mkulima mdogo mara nyingi hakimudu au hakioni faida yake. Sheria ya Marekani yenyewe inawaruhusu wanaouza mazao yasiyozidi dola 5,000 kwa mwaka kuyaita ya kilimo hai bila cheti, mradi wafuate kanuni. Kwingineko kuna vikundi vya wakulima wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe huku wanunuzi wakishirikishwa. IFOAM inautambua mfumo huu, na kwa soko la karibu unafanya kazi vizuri.

Ukikutana na mkulima ana kwa ana, usimuulize kama anatumia kemikali. Swali hilo lina jibu moja tu sokoni. Muulize msimu uliopita wadudu gani walimsumbua na aliwafanyaje. Muulize alipanda nini kwenye kitalu hichohicho kabla ya zao hili. Muulize samadi anaitoa wapi na anaiacha muda gani kabla ya kuiweka kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Mtu anayelima kweli kwa njia hii atakueleza mpaka uchoke, pamoja na hasara alizopata. Anayejibu kwa sentensi mbili na kurudi kwenye bei, mpime kwa tahadhari. Na ukialikwa shambani, nenda.

Hatua ya 6: Pima na mfuko

Bei ya juu ina maelezo: palizi ya mikono, mavuno madogo, ukaguzi, na usafirishaji wa kutenganisha mizigo. Pia ina sehemu ambayo ni nembo tu, kwa sababu muuzaji anajua mnunuzi wa aina hii hahesabu sana. Hesabu. Linganisha kwa uzito, kamwe si kwa pakiti, maana pakiti za kilimo hai hupenda kuwa ndogo.

Tofauti ya bei hupungua kwa mazao ya msimu, nafaka na kunde zilizokaushwa, na mboga zilizogandishwa. Ukinunua mboga mbichi ya bei kubwa ikaozea kwenye jokofu, umelipa mara mbili bila kula. Chagua vitu viwili au vitatu vinavyojibu ile sentensi uliyoandika kwenye hatua ya 3, uvinunue kwa mwezi mmoja, kisha uangalie kama bajeti imebaki sawa na kama sababu yako bado ina maana kwako. Kama kulipia nembo kunakulazimu upunguze kiasi cha mboga mezani, acha nembo.

Hatua ya 7: Nyumbani, osha vyote

Mazao ya kilimo hai yana udongo, pengine samadi, na yameshikwa na mikono ya watu wengi. Yanaoshwa kama mengine: maji yanayotiririka, ukisugua kwa mkono au brashi yale yenye ganda gumu, hata kama utalimenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa nje hadi ndani. Usitumie sabuni, ganda la matunda lina vitundu vidogo vinavyoweza kuinyonya.

Kwa mazao ya kawaida unaweza kwenda mbele kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walipaka tufaha dawa mbili kisha wakaziloweka kwenye maji yenye magadi ya kuokea (baking soda), takriban gramu 10 kwa lita. Ndani ya dakika 12 hadi 15 dawa zilizokuwa juu ya ganda ziliondoka, vizuri zaidi kuliko kwa maji matupu. Ila sehemu iliyokwisha kupenya ndani ya ganda ilibaki palepale, na kuna dawa ambazo mmea huzinyonya tangu mizizini. Hizo hazioshwi na chochote. Kumenya husaidia, ukikubali kupoteza nyuzinyuzi zilizo kwenye ganda.

Mboga za majani tenganisha jani na jani, tupa yale ya nje kabisa, na ukaushe kabla ya kuhifadhi. Chipukizi za mbegu, ziwe na nembo au zisiwe nayo, zipikwe hadi zipate moto mpaka ndani kabla ya kumpa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa.